Bia yenye harufu ya ndizi na haina ndizi: mambo ya kilima cha Weihenstephan



Mwaka jana rafiki yetu mmoja alirudi Lubumbashi kutoka Ulaya, kule alienda kwa mafunzo ya miezi mitatu. Ndani ya valizi alileta chupa moja ya bia, ameizungushia suruali mbili ili isipasuke njiani. Tulikuwa watu sita mezani. Kila mtu alipata kidogo tu, kama dawa ya kikohozi. Wa kwanza kuonja akasema: «Eh! Hii balitiamo ndizi.» Wa pili akanusa, akakubali. Wa tatu akasema ananusa na karafuu, ile ya kutia ndani ya chai. Kiisha wote wakanigeukia: «We njo ulisoma agronomia. Tuelezeye.»

Nilichukua chupa nikasoma karatasi yake: maji, malti ya ngano, malti ya shayiri, hubloni, chachu. Basi. Hakuna ndizi, hakuna karafuu. Na miye, na lisansi yangu ya agronomia, miaka mitano ku iniversite, sikuwa na jibu. Nikasema «ni mambo ya kemia», namna tunavyosemaka tukikosa la kusema. Wakacheka sana.

Makala hii ni jibu nililopaswa kutoa siku ile. Nilisoma miezi kadhaa ili nilipate, na njiani nilikuta mambo mengine yanayotuhusu sisi wasomi kuliko bia yenyewe. Siandiki ili mtu akunywe zaidi. Naandika juu ile chupa inatoka mahali ambapo shamba, kiwanda na iniversite vinakaa ku kilima kimoja.

KILIMA CHENYEWE

Jina juu ya chupa ni Weihenstephan. Ni kilima katika mji wa Freising, jimbo la Bayern, kusini mwa Ujerumani, upande wa kaskazini wa mji mkubwa wa München. Uwanja wa ndege wa München uko jirani kabisa na Freising, kwa hiyo mtu anayeshukia pale amepita karibu ya kilima hiki bila kujua. Jina lenyewe maana yake ni Stefano Mtakatifu, kwa sababu kulikuwa kanisa la Mtakatifu Stefano.

Mapokeo yanasema mtu wa kwanza kuleta maisha ya kitawa pale alikuwa Mtakatifu Korbinian, karibu ya mwaka 725. Kuna hadithi yake ambayo kila mtoto wa Freising anaijua. Korbinian alikuwa safarini kwenda Roma, dubu akamuua farasi wake wa mizigo. Mtakatifu akamwamuru dubu abebe mizigo yeye mwenyewe mpaka Roma. Dubu huyo yuko ku alama ya mji wa Freising mpaka leo, na Papa Benedikto XVI, ambaye mbele alikuwa askofu mkuu wa München na Freising, alimweka ku ngao yake ya kipapa. Mkumbuke jina Korbinian, tutalikuta tena ndani ya glasi.

Katika karne ya 11 mahali pale pakawa monasteri ya Wabenedikto. Watawa walilima, walisali, walinakili vitabu, na walipika bia, kama monasteri nyingi za Ulaya. Msishangae. Bia ilikuwa chakula. Imetoka ku nafaka, ina nguvu, na maji yake yamechemshwa.

MWAKA 1040: UKWELI NA KARATASI

Kiwanda cha Weihenstephan kinajiita kiwanda cha bia cha zamani kuliko vyote duniani ambavyo vingali vinafanya kazi. Mwaka wanaouandika ni 1040. Wanasema mwaka ule abati Arnold alipata ruhusa ya kupika na kuuzisha bia.

Hapa nawaomba tusimame kidogo, juu sisi ni watu wa masomo. Ile karatasi ya 1040 inayotoa ruhusa, wanahistoria wanaihesabu kuwa ya uongo. Wanaona iliandikwa katika karne ya 17, miaka mia sita nyuma ya tarehe inayojidai. Tena kuna monasteri ingine ya Bayern, Weltenburg, ku mto Donau, ambayo nayo inajidai ukubwa na mwaka 1050. Wakubwa wawili, kila mmoja na karatasi yake. Sisi wenye kuona mabishano ya mipaka ya mashamba ku vijiji, hatushangai: mtu akiogopa kunyang'anywa haki yake, anatafuta karatasi ya zamani, na akiikosa anaitengeneza.

Je, hiyo inaondoa heshima ya kilima? Miye naona hapana. Watawa waliishi pale, shamba la hubloni karibu na Freising linatajwa ku maandishi ya mwaka 768, na bia ilipikwa pale kwa karne nyingi. Heshima ya Weihenstephan haiko ndani ya karatasi moja. Iko ndani ya jambo lingine: kati ya mwaka 1085 na 1463 monasteri iliungua kabisa mara nne. Kulikuwa na tauni, njaa, tetemeko la udongo, na majeshi yaliyoiharibu mara mingi. Kila mara walijenga tena, na kila mara walipika tena. Ukiungua nyumba na vyombo, unabaki na nini? Unabaki na kile watu wanachokijua. Na walikuwa wengi wenye kukijua. Nitarudilia neno hili ku mwisho.

KAZI YA SHAYIRI

Sasa tuingie shambani. Bia inaanza na tatizo moja: chachu inakula sukari, lakini mbegu ya shayiri haina sukari mingi. Ina wanga. Chachu haiwezi kula wanga. Lazima wanga ukatwe kuwa sukari, na kisu cha kuukata kinaitwa enzimu.

Shayiri yenyewe inajua kutengeneza kisu hicho. Unailoweka ndani ya maji, unaiacha iote kwa siku kadhaa. Mbegu inafikiri wakati wa kupanda umefika. Inatoa enzimu ili mtoto wa mmea apate chakula. Pale pale, mbele mmea haujakula akiba yote, unaikausha kwa moto. Hiyo njo malti. Kiisha unaisaga, unaichanganya na maji ya moto, na enzimu zinamaliza kazi yao. Kuna enzimu inayopenda joto la digrii 62 mpaka 65, na ingine inayopenda digrii 70 na kidogo. Mpishi anayepanda ngazi hiyo polepole anaamua bia itakuwa kavu ao nzito. Akizidisha moto, enzimu zinakufa na kazi inasimama.

Watu wa Lubumbashi, hii si kitu kipya. Munkoyo yetu inafanya vile vile, ila kisu kinatoka pengine. Mama anapika uji wa mahindi, anauacha upoe, anatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Ule uji mzito unalegea, unakuwa mwepisi na unaanza kuwa mtamu. Ni enzimu za ndani ya mizizi zinazokata wanga. Wajerumani wameotesha mbegu, sisi tumechimba mzizi. Akili ni moja.

Kuna jambo lingine la shayiri ambalo lilinifurahisha kama mtu wa udongo. Sisi tulifundishwa kwamba protini mingi ndani ya nafaka ni jambo zuri. Kwa kula, ndiyo. Kwa bia, shayiri yenye protini mingi inakataliwa: mpishi anataka isipite karibu asilimia 11 na nusu, juu protini ikizidi, wanga unapunguka na bia inakuwa na ukungu. Maana yake mkulima wa shayiri ya bia lazima ajizuie ku mbolea ya azoti. Akitia mingi ao akichelewa kuitia, mavuno yanapanda lakini kiwanda kinamrudishia gari. Hapa unaona kwa nini mkulima na mpishi wanahitaji kuzungumza mbele ya kupanda.

HUBLONI NA SHERIA YA 1516

Hubloni ni mmea unaopanda juu ya kamba, mpaka mita saba. Yanatumiwa maua ya mmea wa kike peke yake. Ndani ya maua hayo kuna unga wa manjano wenye uchungu, na uchungu huo unazuia bakteria mingi zinazoharibu bia. Kwa hiyo hubloni ni kiungo na tena ni ulinzi. Kaskazini mwa Freising kuna eneo la Hallertau, kubwa kuliko maeneo yote ya hubloni yanayoshikana duniani. Kwetu Katanga hubloni inapata shida: inataka siku ndefu sana za kiangazi ili itoe maua vizuri, na huku karibu na ikweta urefu wa siku haubadiliki sana.

Tarehe 23 Aprili 1516, ku mji wa Ingolstadt, watawala wawili wa Bayern, Wilhelm IV na ndugu yake Ludwig X, walitoa sheria: bia ipikwe kwa shayiri, hubloni na maji tu. Sehemu kubwa ya sheria ile ilikuwa juu ya bei. Sababu inayotajwa mara mingi ya kuchagua shayiri ni kwamba ngano ibakie kwa wenye kupika mkate.

Lakini chupa yetu ilikuwa ya ngano! Kumbe sheria kwa wakubwa ina mlango wa nyuma. Kupika bia ya ngano kulikuwa haki ya pekee ya familia moja ya mabwana, na toka mwaka 1602 haki hiyo ikashikwa na mtawala mwenyewe, Maximilian I, ikamletea mali mingi. Mwaka 1872 mpishi mmoja wa München, Georg Schneider, njo alipata ruhusa ya kuipika kwa biashara yake, na bia ya ngano ikapata nguvu tena kati ya raia.

Na muangalie tena sheria ya 1516: chachu haimo. Wapishi walijua masalio ya chini ya chombo yanaanzisha bia mpya, walikuwa wanayatunza. Lakini ni kiumbe gani, hawakujua. Louis Pasteur alichapisha kitabu chake juu ya bia mwaka 1876, na mwaka 1883 Emil Christian Hansen, ku labo ya Carlsberg kule Kopenhagen, alifaulu kuotesha chachu safi kutoka seli moja.

JIBU LA NDIZI

Basi, hili njo jibu. Harufu ya ndizi inatengenezwa na chachu.

Kuna makundi makubwa mawili. Chachu ya baridi inafanya kazi polepole, karibu digrii 8 mpaka 12, kiisha bia inalala wiki nyingi ku baridi. Inatoa bia safi, yenye rangi ya dhahabu, kama zile tumezoea. Chachu ya bia ya ngano inafanya kazi ku joto zaidi, karibu digrii 20, kwa haraka, na inapofanya kazi inaacha harufu nyuma. Moja ya harufu hizo inaitwa isoamili asetati, na ndiyo ile ile inayotoa harufu ndani ya ndizi mbivu. Kwa hiyo rafiki yetu hakudanganyika: pua yake ilikutana na kitu kile kile, ila kimetoka ku mlango mwingine.

Karafuu nayo ina njia yake. Ndani ya ganda la ngano na shayiri kuna asidi moja inayoitwa feruliki. Mpishi akipumzisha mchanganyiko karibu digrii 45 mbele ya kupandisha moto, asidi hiyo inatoka kwa wingi. Chachu ya ngano inaigeuza kuwa kitu chenye harufu ya karafuu. Akitaka karafuu zaidi, anarefusha mapumziko yale. Akitaka ndizi zaidi, anacheza na joto la chachu. Ni kazi ya saa na termometa. Hakuna uchawi.

Chachu inayojulikana sana kwa bia hizi inaitwa W-68. Chachu maarufu ya bia ya baridi inaitwa W-34/70, na ni kati ya zinazotumiwa sana duniani. Ile W ni Weihenstephan. Mpishi wa nchi ya mbali, ambaye hajakanyaga Bayern, anaweza kuagiza kiumbe kilichotunzwa ku kilima kile.

GLASI MOJA MOJA

Kwa wale wanaopenda kujua, hizi ni baadhi ya bia zao. Ile tuliyoonja ni Hefeweissbier, asilimia 5,4 ya alkoholi. Ina ukungu juu chachu imebakia ndani. Wenyewe wanamimina polepole, wanaacha kidogo ndani ya chupa, wanaitikisa, kiisha wanamalizia chachu juu. Kuna Kristall, ni dada yake aliyechujwa mpaka akawa mweupe kama kioo. Kuna Dunkel, ya ngano pia lakini ya rangi ya kahawia, kwa sababu ya malti iliyokaushwa kwa moto mkali zaidi. Kuna Original Helles, ya shayiri, ya chachu ya baridi. Vitus ni ya ngano, nguvu yake asilimia 7,7, inanyweka kwa wepesi na inaangusha kwa wepesi. Na Korbinian, yule wa dubu: nyeusi, nzito, asilimia 7,4, ya jamii wanayoiita Doppelbock. Bia nzito za namna hii zinaunganishwa na watawa wa Bayern, ambao wakati wa Kwaresima walijinyima chakula kigumu na kujitegemeza na kinywaji cha nafaka.

NAMNA KILIMA KILIKUWA SHULE

Machi 1803 serikali ya Bayern ilifunga monasteri. Watawa wakaondoka, mali yote ikawa ya serikali. Ingewezekana hadithi iishe pale. Lakini walifanya mambo mawili. Kwanza, hawakuacha kupika. Pili, mwaka 1852 shule kuu ya kilimo ya Bayern ilihamishiwa Weihenstephan, pembeni ya kiwanda, na upikaji wa bia ukawa somo. Mwaka 1895 ikawa akademia ya kilimo na ya upikaji wa bia. Mwaka 1930 iliunganishwa na iniversite ya ufundi ya München. Leo kiwanda kingali mali ya jimbo la Bayern, bia zake zinauzishwa ku nchi nyingi, na wanafunzi wa dunia yote wanakuja kusoma bia, maziwa, udongo na mimea ku kilima kimoja.

Fikirini vizuri. Kile watawa walikijua kwa mikono, kizazi kwa kizazi, kilikutana na termometa, mikroskopu na daftari. Shule haikusema «hawa ni wapishi tu». Ilienda kukaa kwao.

Hapa njo nafika ku maumivu yangu.

Memwari yangu ilikuwa juu ya mbolea ya mahindi. Shamba langu la majaribio lilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu toka nyumba ya nkambo wangu. Msimu mzima nilirudi kwake kila jioni, na kila jioni alinipa munkoyo ya baridi. Nilikunywa, nikamshukuru, nikafungua daftari langu la azoti. Hata siku moja sikumuuliza: «Nkambo, ni mzizi gani? Unauchimba wapi? Unajuaje umekomaa?» Kurasa themanini juu ya mahindi, na hata mstari mmoja juu ya kile kilichokuwa kinakata wanga wa mahindi hayo hayo ndani ya chungu mbele ya macho yangu.

Alikufa miaka miwili iliyopita. Ku matanga shangazi yangu alijaribu kupika munkoyo kama yake. Uji ulibaki mzito. Akasema mama yake alikuwa anachanganya mizizi ya namna mbili, na yeye anajua moja tu. Ya pili nkambo alienda kuichimba peke yake asubuhi, upande wa pori, na hakuna aliyemfuata.

Toka nilipomaliza kusoma habari za Weihenstephan, naenda na shangazi porini siku za mapumziko. Tunachimba, tunapeleka sampuli kwa watu wanaojua mimea, na ile tu wanayoikubali tunaitia ndani ya kikombe cha uji wa mahindi, na kikombe kingine bila mzizi ili kulinganisha. Naandika saa na joto. Namna tatu tumejaribu. Mbili hazikufanya kitu. Ya tatu ililegeza uji, lakini shangazi alionja akatikisa kichwa: «Hii hapana ile ya mama.» Tutaendelea mvua zikianza, wakati majani yanaonekana tena.

Monasteri iliungua mara nne na bia ikabaki, juu wenye kujua walikuwa wengi. Ujuzi wa nkambo ulikuwa ndani ya kichwa kimoja, na miye niliyekuwa na kalamu nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Bandugu, likizo iko karibu. Wale wenye nkambo, koko ao shangazi anayepika munkoyo, kasiksi ao kinywaji kingine cha kwetu, muende na daftari. Muulize jina la mmea kwa lugha ya kijiji, mahali unapoota, mwezi wa kuuchimba, kipimo, saa ngapi za kungoja. Mpige picha ya jani na ya ua. Na msionje mzizi msioujua, kuna mingine ni sumu. Mkirudi, mulete daftari zenu ku mkutano wa chama chetu. Miye nitaleta yangu, hata kama ukurasa wa mzizi wa pili ungali mweupe.